Siku Sita Ndani ya Minecraft: Vya Mfukoni Humwagika, Ukuta Hubaki

Jamani, nimechelewa! Nimechelewa miaka zaidi ya kumi, na wala sioni haya kusema. Mlionitangulia mtanicheka, mtauliza shangazi huyu alikuwa wapi dunia nzima ikicheza. Nilikuwa nashona, napika, nalipa ada, na nilidhani gemu zote ni za kupigana risasi na kukimbizana na magari. Leo ni siku ya sita tangu mtoto wa kaka yangu aniwekee Minecraft kwenye kishikwambi changu. Hadi sasa nimeunguza sufuria mbili za maharage, nimepitishwa kituo na daladala mara moja, na jana nilikesha mpaka saa nane usiku nikijenga ukuta wa mawe usioweza kumzuia hata mwizi mmoja wa Tabata. Naandika haya chuma kingali cha moto.

Kwa wachache ambao, kama mimi wiki iliyopita, mlikuwa hamjui: gemu hii ilizaliwa Uswidi. Fundi wa programu aitwaye Markus Persson aliitoa hadharani kwa mara ya kwanza Mei 2009, toleo kamili likafuata Novemba 2011, na Oktoba 2023 wenyewe wakatangaza kuwa nakala zaidi ya milioni 300 zimekwisha kuuzwa. Milioni mia tatu! Na ukiiona kwa mara ya kwanza utashangaa kwa nini, maana kila kitu ni tofali. Mti ni matofali, mlima ni matofali, ng'ombe ana kichwa cha boksi, na jua lenyewe, wallahi, ni la pembe nne. Tofali moja ni mita moja. Katika toleo la kompyuta, ulimwengu wake una upana wa matofali milioni 60 kutoka ukingo hadi ukingo, yaani kilomita 60,000, na mzunguko wa dunia yetu hii haujafika hata 41,000. Mimi katika siku zangu sita sijamaliza kilima kimoja.

Gemu za namna hii wenyewe huziita za sanduku la mchanga. Sisi tuliocheza uani tunazifahamu kwa jina tamu zaidi: ni kujipikilisha. Unapewa mchanga, kifuu na majani ya mpera. Ugali na mboga utaviona wewe mwenyewe. Hakuna mfalme wa kukutuma ukamwokoe binti yake, hakuna gari la kushindana nalo. Unatokea tu, mikono mitupu, mahali ambapo hukupachagua. Kila ulimwengu huanza na namba wanayoiita mbegu, na mbegu ndiyo inayoamua kama utaangukia msituni, jangwani, au kwenye kisiwa chenye mti mmoja. Mimi niliangukia ufukweni, msitu ukiwa nyuma yangu. Bahati ya mtende!

"Haya, baba, sasa nifanye nini?" nilimuuliza mtoto. Amepewa jina la baba yangu, nami humwita hivyo.

"Piga mti, shangazi."

"Kwa shoka gani?"

"Kwa mkono."

Nikaupiga mti ngumi! Na mti ukakatika! Gogo moja likanipa mbao nne. Mbao nne zikanipa meza ya ufundi. Mbao mbili zikatoa vijiti vinne, mbao tatu juu ya vijiti viwili zikanipa sururu, na mimi, mwanamke wa miaka 51 ambaye hajawahi kushika sururu ila kumpelekea mtu, nikaruka kwenye kochi kama nimeshinda bahati nasibu. Wakati huo jua la pembe nne lilikuwa linashuka. Siku nzima ya huko ni dakika 20 tu, na mchana wake hauzidi sana dakika kumi. Jua halikungoji umalize kujifunza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo gemu hii iliponishika shati.

Sururu ya mbao huvunja jiwe. Jiwe hukupa sururu ya jiwe. Sururu ya jiwe huchimba chuma, unakiyeyusha kwenye tanuri, na ni kuanzia sururu ya chuma ndipo utakapoweza kuchimba almasi. Hakuna njia ya mkato, hakuna mjomba ofisini. Siku ya pili nilikutana na chuma pangoni, kimening'inia ukutani na madoa yake kama biskuti. Mkononi nilikuwa na sururu ya mbao. Nikasema ya nini kuchelewa, nikagonga. Nikagonga sana. Likapasuka, likatoweka, na mfukoni hakikuingia kitu. Sifuri! Gemu haikunizuia wala haikunionya. Iliniacha niharibu mali kwa zana isiyofaa.

Nilinyamaza kidogo pale kwenye kochi. Mwaka mmoja zamani nilipata oda ya sare za shule nzima nikiwa na cherehani moja ya mguu. Badala ya kuomba muda, au kugawana kazi na mafundi wenzangu, niliipokea yote kwa furaha. Nilishona usiku na mchana, nusu ya sare zikatoka mikono mirefu kuliko watoto, na oda haikurudi tena. Miaka yote nimesimulia kisa hicho kama cha bahati mbaya. Kumbe niligonga chuma kwa sururu ya mbao! Ilibidi mtoto wa miaka 12 na ng'ombe mwenye kichwa cha boksi wanifundishe jina lake.

Turudi siku ya kwanza, usiku unaingia! Usiku wa kwanza sikuwa na nyumba. Nilichimba shimo ubavuni mwa kilima, nikaingia, nikaziba mlango kwa udongo, nikakaa gizani nikisikiliza. Mazombi yanaguna. Mifupa inatembea na upinde, ikilia kama vikombe vya bati. Buibui wakubwa kama mbuzi wanaparura paa. Nilishikilia kile kishikwambi utadhani ni mtoto mchanga. Palipopambazuka, mazombi yakaanza kuungua juani, nami nikatoka nikiimba.

Hapo ndipo nilipokutana na Creeper.

Creeper hana mikono. Ni wa kijani, uso wake wa huzuni kama mtu aliyekosa basi, na hatoi sauti mpaka amekukaribia. Jua halimwunguzi. Nilisikia tu "tsssss" mgongoni, kisha mlipuko, kisha nikawa marehemu. Na hapa yasikilizeni masharti ya mauti ya huko: ukifa, kila ulichobeba humwagika palepale ulipoanguka, nawe unazaliwa upya mahali pa mwanzo, mikono mitupu. Vitu vyako vitakaa chini dakika tano tangu ufike tena karibu navyo. Baada ya hapo havipo. Nilikimbia! Nilikimbia na kishikwambi nikizunguka sebule, kana kwamba miguu yangu ndiyo itakayonifikisha. Nikaokota nusu.

Mnajua Creeper alitokeaje? Persson alikuwa anajaribu kutengeneza nguruwe, akakosea vipimo: urefu wa kwenda mbele akaubadilisha na wa kwenda juu. Likasimama dude la ajabu. Mwingine angelifuta na kumalizia nguruwe wake. Yeye akalitia rangi ya kijani na kulifanya adui, na leo uso wa kosa lile ndio nembo ya gemu nzima, uko kwenye fulana na mabegi ya shule. Na dawa ya Creeper ni paka! Akimwona paka, anakimbia. Bibi yangu alikuwa akisema nyumba isiyo na paka haina amani, nasi tukadhani anazungumzia panya.

Siku ya tatu nikapata kitanda: sufu tatu za kondoo na mbao tatu. Kitanda si pambo. Ukilala, usiku unapita, na ukifa unaamkia hapo. Mimi kwa uroho wa kujenga nikakesha siku tatu za huko mfululizo, nikijidai hodari. Usiku uliofuata yakanishukia madude yenye mabawa, macho ya kijani, yakinizonga kichwani. Mtu wa Pemba angeyaita popobawa bila kusita. Mtoto akacheka mpaka akalala chini: "Shangazi, hayo huja kwa mtu asiyelala!" Hivyo ndivyo walivyoitengeneza: usipolala siku tatu, anga lenyewe linakuadhibu. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Wa huko, kwa asiye na kitanda, hauchi.

Sasa almasi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huko si methali, ni ramani. Almasi ziko chini kabisa, karibu na mwamba wa mwisho usiovunjika, na huko ndiko yaliko pia madimbwi ya moto wa volkeno. Mtoto alinipa amri moja tu: "Shangazi, usichimbe chini ya miguu yako." Nikaitika. Nikachimba ngazi kwa adabu, nikateremka, nikaweka mienge ukutani kila hatua chache, nikazipata almasi sita! Sita! Zinang'aa samawati kama maji ya Mafia saa nne asubuhi. Nikapiga kelele jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Kisha nikazionea tamaa za saba na nane, nikasema ngazi ya nini tena, nikachimba chini ya miguu yangu.

Tofali likatoka. Chini yake palikuwa pekundu, pa moto. Kwenye moto ule vitu havimwagiki ukaja kuviokota. Vinaungua. Almasi sita, sururu ya chuma, mkate, mienge, vyote vikaisha kabla sijafumba mdomo.

Nikaamka kitandani kwangu, mikono mitupu kama siku ya kwanza. Na wapendwa, hapa ndipo nilipoelewa nimepewa nini mkononi. Maana nilipoinua macho niliona ukuta wangu wa mawe. Niliona shamba langu la ngano, mfereji wa maji katikati, ngano imekomaa. Niliona kondoo wangu wawili uani na mwenge mlangoni ukiwaka. Nilikuwa nimefilisika kabisa, lakini sikuwa nimerudi mwanzo. Nilivyokuwa navyo mfukoni vilikwenda na mimi motoni. Nilivyovijenga havikujua hata kama nimekufa.

Mfuko wa huko una nafasi 36, na nyingi hubeba vitu 64 kila moja. Ni mfuko mkubwa, na siku mbili za mwanzo nilihangaika kuujaza, hata udongo nilibeba. Sasa kila jioni naumwaga. Mawe yanakuwa ukuta, mbao zinakuwa daraja, mbegu zinarudi ardhini. Nikitoka nyumbani nabeba tu nisichoogopa kukipoteza.

Ukishaliona hilo, unaliona kila mahali. Persson mwenyewe, 2014, aliiuza kampuni yake kwa Microsoft kwa dola bilioni 2.5 na kuondoka. Mjenzi kaenda zake, na mtoto wa kaka yangu analima ngano ndani ya nyumba ile. Mwaka 2012, Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, liliungana na waundaji wa gemu hii, na miongoni mwa mahali pa kwanza walipoijaribu ni Kibera. Wenyeji wasiojua kusoma ramani ya mhandisi walikaa mbele ya kompyuta wakapanga kiwanja chao kwa matofali: hapa njia, hapa mti, hapa watoto wakae. Mtu ambaye hajawahi kuulizwa na ofisi yoyote anataka mtaa wake uweje anaujenga, anauonyesha kwa kidole, na mhandisi anaona.

Na kuna maktaba. Machi 2020, Shirika la Maripota Wasio na Mipaka lilifungua ndani ya Minecraft jengo kubwa lenye nguzo na kuba, na katika rafu zake wakaweka makala zilizofungiwa katika nchi za waandishi wake. Za mwandishi wa habari Jamal Khashoggi zimo. Khashoggi aliuawa Istanbul Oktoba 2018, na maandishi yake yanasomwa na vijana ndani ya gemu yenye ng'ombe wa boksi, katika nchi ambazo gazeti lenye jina lake lisingeuzwa. Nilisimama mbele ya rafu ile nikaona aibu kwamba nimekuwa nikiita vitu hivi mchezo wa watoto.

Siku ya tano niliona kijiji! Wanakijiji wana pua ndefu, mikono wameikunja kifuani, na hawasemi ila "hmm". Mkulima wao alinipa zumaridi moja kwa ngano ishirini, na hivyo nikaingia biashara. Lakini ole wako umpige mmoja wao, hata kwa kuteleza kidole kama nilivyofanya. Bei zake zinapanda, na wenzake wanapata habari. Kijiji kizima kikaniangalia kwa "hmm" ya namna nyingine. Nani aliwaambia hawa Waswidi mambo ya mtaani kwetu?

Basi tuseme na kasoro, maana sijalewa kabisa. Kwenye kishikwambi vidole vinaziba nusu ya unachokitazama, na nimetumbukia shimoni mara tatu kwa kidole gumba. Chaji inaisha kama maji ya kisima cha kiangazi. Kuna duka ndani yake linalouza mavazi na ulimwengu uliotengenezwa tayari kwa pesa halisi, kwa hiyo mzazi, usimwachie mtoto namba yako ya siri. Na kucheza na watu wa mtandaoni kunataka macho ya mkubwa, maana si kila mgeni anayebisha hodi amekuja kwa heri.

Na kama mfano wa maisha, gemu ina uongo wake mmoja mkubwa. Huko sote tunazaliwa mikono mitupu. Mbegu yaweza kukutupa jangwani, lakini hutamkuta jirani aliyezaliwa na sururu ya almasi mkononi na kaka yake akiwa mlinzi wa mgodi. Hapa kwetu wapo. Na huko mauti ni safari ya kurudi kitandani. Ipo namna ya kucheza ambayo ukifa mara moja umekwisha. Mtoto hajathubutu kuigusa. Nikamwambia sisi wengine ndiyo tunayoicheza kila siku, na hakuna aliyetuuliza.

Jana mtoto aliliua joka. Ndiyo, lipo joka, na kulifikia kunataka subira. Nilikaa pembeni nikimtazama, mapigo ya moyo yananienda mbio, mpaka joka likapasuka kwa mwanga wa zambarau na maandishi marefu yakapanda kwenye kioo. Nikampigia makofi. Nikamuuliza, "Haya, baba, umeshinda. Halafu?"

"Halafu unarudi nyumbani, shangazi," akasema, na kweli tukaona kitanda chake, kuta zake, mbwa wake aliyemfuga kwa mifupa. "Unaendelea kujenga."

Nina kiwanja Chanika. Kina msingi tangu miaka minane iliyopita, na ndani ya msingi kuna majani yanayonifika kiunoni. Kila mwaka nimesema nikipata fedha ya kutosha yote kwa pamoja nitajenga, na kila mwaka fedha niliyoibeba mfukoni imemwagika: harusi, msiba, simu mpya, harusi nyingine. Alhamisi nimempigia fundi. Sikuwa na fedha ya nyumba, nilikuwa na ya matofali hamsini. Akacheka, akasema "Mama, hamsini ni mstari mmoja tu." Nikamwambia apange huo mstari.

Alama zangu: tisa kwa kumi, na ile moja nimeikata kwa ajili ya kidole gumba. Inunueni. Mwenye mtoto nyumbani akae naye, akubali kuwa mwanafunzi, maana mtoto anajua. Anzeni na mti, jengeni kitanda kabla giza halijaingia, fugeni paka. Na huko chini kwenye almasi, jamani, msichimbe chini ya miguu yenu.